Mayai ya Kambare Hayafungwi Kifuniko

Mmenitumia tena sauti kwenye simu, nyinyi watengeneza chambo wapya, sauti ya dakika nne, mkiniuliza ni vijiko vingapi vya chumvi. Niliisikiliza yote. Nyuma yake kulikuwa na muziki, pikipiki, na mtu akicheka. Nikaona afadhali niandike. Mtu anayeuliza vijiko hajui kusikiliza, labda atajua kusoma.

Mimi nilitengeneza chambo cha mayai ya samaki hapa Goma kwa zaidi ya miaka thelathini. Wavuvi wa ndoano, wale wanaotafuta kambare na kuwaachia wengine vidagaa vya sambaza, waliniita Mama Sikitu wa Mayai. Sasa nimeacha. Mikono imechoka, na kuna jambo jingine lililoniachisha, nitalifikia. Kwanza niwaseme kidogo, kwa sababu nimeyaona mayai yenu.

Mmoja wenu wa mtaa wa Ndosho aliniletea kopo la rangi ya nyumba, limejaa mayai mekundu kama midomo ya bibi harusi. Alikuwa ameyatia unga wa juisi.

"Hii rangi ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ni ya kuvuta samaki, Mama."

"Kambare anakulaka ku matope, ku giza. Rangi ataiona na nini?"

"Ku telefone banasema vile."

"Basi wende uvue ku telefone."

Mwingine alinunua kongelateri, friji ya kugandisha, akaiweka sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake kama picha ya marehemu. Umeme ukakatika siku nne. Alipoifungua, nzi wa mtaa mzima walikuja kama watu wa matanga, na wengine walilala hapohapo. Aliniambia eti tatizo ni mayai. Mayai hayajawahi kuwa tatizo. Tatizo hutembea kwa miguu miwili na hupenda kununua vitu.

Kuhusu chumvi nitasema mara moja. Kambare wa majira ya mvua hubeba mifuko miwili ya mayai, mirefu kama vidole vya mtu mzima. Itoe mizima. Usiitoboe, usiioshe, futa damu kwa kitambaa kikavu. Ilaze kwenye ungo, inyunyizie chumvi laini mpaka uso wake uonekane umelala nje kwenye umande, na sukari kidogo sana ili ngozi isikakamae. Iache kwa muda ambao ungetumia kuivisha maharage, igeuze, mwaga maji yaliyotoka, kisha ianike kivulini penye upepo. Halafu iguse. Ikiwa laini kama shavu, bado. Ikiwa kama ncha ya sikio lako, imefika. Ikiwa kama kisigino, umeiharibu, wape kuku. Siku ya kuvua unakata kipande, unakizungushia kitambaa cha chandarua, unakifunga kwa uzi wa kushonea, ndoano inapita katikati. Mvuvi akikuambia chambo kilitoka kwenye ndoano, wewe ndiye uliyefunga vibaya.

Hayo mnayaweza. Hata kasuku angeyaweza akipewa wiki mbili. Kazi yenyewe ni kuyahifadhi, kwa sababu kambare hujaa mayai wakati mmoja wa mwaka na wavuvi wanayataka miezi inayofuata. Hapo ndipo nyinyi mnaponunua kongelateri.

Aliyenifundisha alikuwa Mama Mwavita, mwanamke mnene wa ukoo uliotoka Kasongo na biashara ya vitambaa. Mnadhani mimi nina ulimi mbaya. Huo ni ukucha tu wa ulimi wake. Wiki tatu za kwanza hakuniruhusu kugusa chumvi. Nilipasua matumbo ya samaki tu. Siku niliyopewa mifuko ya kutengeneza mwenyewe, niliiosha ziwani ili imfurahishe macho. Mama Mwavita aliitazama, kisha akamwita jirani yake avuke barabara.

"Kuya uangalie," akamwambia. "Huyu mutoto ameogesha mayai. Kesho ataivalisha soksi."

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo ninalotaka mlishike. Mama Mwavita aliweka vyungu vyake katika shimo la mawe, hatua chache nyuma ya nyumba, na kila chungu kilifunikwa kwa kipande cha chandarua tu. Niliona uzembe. Nikafikiri: mzee amesahau vifuniko. Siku moja alipokwenda kwenye maombolezo, nilivipandisha vyungu vitatu, nikavifunga kwa plastiki na mpira wa tairi ya baiskeli, nikakaza mpaka vidole vikauma, nikavirudisha shimoni. Mwezi mmoja baadaye tulivifungua. Sitawaelezea harufu. Mbwa wa jirani alihama.

"Umeiona ile ingine?" akaniuliza, akinionyesha vyungu vya chandarua. Mayai yake yalikuwa ya rangi ya asali, hakuna ukungu, hakuna funza. "Dawa iko inje ya chungu. Miye nafungulia dawa mulango, weye unaifungia."

Dawa yenyewe ilikuwa mazuku. Wa Goma hamhitaji kuelezwa, ila nawaandikia pia wageni: ni upepo mbaya unaotoka chini ya ardhi yetu na kutulia kwenye mashimo ya lava. Hauna rangi wala harufu. Ni mzito, hukaa chini kama maji kwenye beseni, na kiumbe anayepumua humo hulala bila kuamka. Nzi akishuka, hapandi. Ukungu nao haupati pa kuanzia. Kitu kinachowaua watu ndicho kilichotunza mayai yetu nusu mwaka bila umeme wa mtu yeyote.

Kwa hiyo hatukuwahi kushuka. Tulishusha kwanza taa ya mafuta kwa kamba. Ikizimika, dawa ipo. Vyungu tulivishusha na kuvipandisha kwa upembo, mti mrefu wenye ndoano ya chuma nchani. Kusimama wima, kila mara, hata mgongo ukiuma. Anayepiga magoti ukingoni anapeleka pua yake kwa mazuku. Asubuhi kabla ya jua huwa mazito. Mchana upepo unayapunguza, lakini usiwe mjinga wa kulitegemea jua. Na kando ya shimo lazima pawe na kijiti chenye kitambaa chekundu, kuwaonya wapita njia. Mama Mwavita alisimamisha kijiti kabla ya kugusa chungu. Mimi niliiona kama desturi tu, sawa na alivyokataza kupiga mluzi mbele ya chumvi.

Kisha mlima wa moto ukafunguka. Lava iliingia mjini kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba, ikapita katikati ya maduka, ikaenda kunywa ziwani. Tulivuka mpaka wa nchi kwa miguu, majivu kwenye kope. Kule watu nisiowajua walitupatia maharage kwenye jani la mgomba. Niliyala nikiyalalamikia kwamba hayakuiva. Tuliporudi, jiwe lilikuwa bado na joto chini ya ndala. Nyumba ya Mama Mwavita, shimo lake, vyungu vyake vyote vilikuwa chini ya lava. Alisimama juu yake.

"Chumvi yote ile," akasema. Hakulia. Aligeuka akaniambia tutafute shimo jingine.

Basi mtuone: mji mzima unakimbia mazuku, ambayo baada ya mlipuko yalizidi, mpaka vyumbani mwa watu, na sisi wanawake wawili tunatembea kwenye mawe ng'ambo ya Ndosho tukishusha taa kila tundu, tukiyatafuta. Taa ikiendelea kuwaka, Mama Mwavita alisonya. Siku ya tano tulikutana na bwana mmoja mwenye kofia ngumu na kifaa cha kupima hewa. Alikishusha kifaa chake shimoni, sisi tukashusha taa yetu. Kifaa kililia na taa ikazimika wakati mmoja.

"Mama, mutoke hapa mbio," akasema. "Hapa batu banakufa."

"Aksanti, papa," Mama Mwavita akamjibu. "Njo hii tunatafuta."

Yule bwana aliandika kitu kwenye daftari. Nadhani alituandika sisi.

Mama Mwavita alifariki kitandani mwake miaka michache baadaye, akilalamikia mchuzi. Shimo likawa langu. Lilikuwa na upana wa chumba kidogo na kina cha mtu na nusu, na upande mmoja mawe yalishuka taratibu kama ngazi. Nilisimamisha kijiti changu chekundu. Uasi ulikuja, ukaondoka, ukaja na jina jingine. Waasi walibadilisha herufi za jina lao kama watu wanaobadilisha shati bila kuoga. Wakati wa uasi mmojawapo, askari waliingia kwangu kupekua, wakakuta chungu. Mkubwa wao alichovya kidole, akalamba, akauliza kama ni dawa ya kuzuia risasi. Nilimwambia ni chambo. Alikasirika sana, kana kwamba nilikuwa nimemdanganya. Wanaume wenye bunduki hawapendi vitu vya kawaida.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Uasi mwingine ulianza, na vita vikashuka mpaka Kibati, kaskazini mwa mji. Watu wa huko walikimbilia Kanyaruchinya, kisha Kanyaruchinya nako kukawaka, wakaukata mji wote na magodoro yao juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wakaja kukaa upande wetu, juu ya mawe meusi. Katika wiki moja shimo langu lilipata majirani: vibanda vya matawi na hema za plastiki, cha karibu kikiwa hatua arobaini tu. Nilikuwa na vyungu kumi na viwili humo chini, mayai ya msimu mzima. Mzee Kalume, mvuvi aliyewasemea wenzake wote wa ndoano, alikuwa ananingoja. Ziwa lilikuwa limeanza kutulia.

Nitawaambia nilichofikiri, bila kukipaka rangi. Mayai ya samaki yenye chumvi ni chakula. Mtu mwenye njaa haulizi kama kilikusudiwa ndoano. Na kitambaa chekundu juu ya jiwe jeusi huita macho: watoto walikuwa wameanza kukizunguka, na watu wazima wangekuja kuangalia kuna nini. Niliwatazama wale watu, moshi wao, sufuria zao zisizo na kitu, foleni yao ya maji, nikawadharau. Niliwaona wachafu, walalamishi, wanaopenda kupewa. Mimi, niliyekula maharage ya watu kwenye jani. Jioni moja nikaking'oa kijiti, nikakirudisha nyumbani. Nilijiambia hakuna mtu atakayetaka kushuka kwenye shimo tupu la mawe.

Siku ya tatu nilikwenda asubuhi na mapema na kamba, taa na upembo begani, kuchukua vyungu vya Kalume. Jua lilikuwa halijafika kwenye mawe. Ukingoni mwa shimo alisimama mwanamume mwembamba ndani ya koti kubwa la kaunda, koti la mitumba, akiita kitu kilichokuwa chini kwa kugonga ulimi. Baadaye nilijua anaitwa Bauma, wa Kibati. Alikuwa amekimbia na mke, watoto, mdogo wake, na mbuzi mmoja. Mbuzi alikuwa shimoni, amelala.

"Papa, usishuke," nikamwambia kutoka mbali. Mawe yale hayakimbiliki.

"Ni mbuzi yangu, Mama," akajibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenye shamba. Akashuka kwa upande wa ngazi.

Aliinama, akamshika mbuzi pembe. Kisha akanyooka, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Akakaa. Akalala juu ya mbuzi wake.

Mdogo wake, Janvier, alitoka kibandani akikimbia, na nyuma yake mke wa Bauma, Mama Furaha, bakuli mkononi. Janvier alikuwa tayari ameweka mguu kwenye jiwe la kwanza. Nilimchapa kwa upembo kwenye ugoko, kwa nguvu zangu zote.

"We mama, uko na wazimu?"

"Ukishuka utalala juu yake. Halafu nitakuwa na tatu ya kuvuta, na niko muzee. Simama."

Alisimama, labda kwa maumivu. Mimi nikasimama wima ukingoni, nikabana pumzi, nikashusha ndoano. Mara ya kwanza ilishika pembe ya mbuzi. Nilirudi nyuma, nikapumua, nikarudi. Mara ya pili ilishika koti penye bega. "Unikamate," nikamwambia Janvier, naye akanishika kiunoni, kisha tukaushika mti wote wawili, na Bauma akapanda juu ya mawe kama gunia la makaa. Koti halikupasuka. Ndoano ilikuwa imepita koti ikaingia kwenye nyama.

Tulimburuta mpaka penye mwinuko, upande unaotoka upepo. Mama Furaha alipiga magoti akampepea kwa bakuli. Sijui ilichukua muda gani. Kifua chake kilikuwa kimya, kisha kikashtuka, akakohoa, akatapika, akafungua macho.

"Mbuzi iko wapi?" akauliza.

Nilicheka, kwa woga uliokuwa unanitoka. Ulimi wangu ukafanya ulichozoea.

"Imebakia chini, inalinda vyungu vyangu."

Mama Furaha aliendelea kupepea. "Vyungu gani?"

"Vya mayai ya samaki. Chambo."

"Ni shimo yako?"

"Miaka mingi."

"Unajuaka inaua?"

"Najua."

"Juu ya nini hauweke alama?"

"Ilikuwako."

"Nani aliing'oa?"

Ningeweza kusema ni watoto. Ningeweza kusema ni upepo, au askari. Kwa askari kila mtu angeniamini bila kuuliza neno jingine. Janvier alikuwa anasugua ugoko wake akinitazama. Bauma alikuwa anatafuta pumzi.

"Ni miye," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Niliogopa mutakula mayai."

Bakuli likasimama. Mama Furaha hakupaza sauti. Alinitazama kama unavyotazama jiwe ulilojikwaa, kulijua umbo lake.

"Inakulikaka?" akauliza.

"Inakulikaka."

"Basi vuta tukule."

Nilivuta. Nilifuta damu ya mumewe kwenye ndoano kwa kitenge changu, nikasimama wima kama nilivyofundishwa, nikapandisha vyungu kumi na viwili, kimoja kimoja, na Janvier akivipokea bila kuniangalia. Mwisho nikamvuta mbuzi. Majirani walikuja na sufuria. Waliyaosha mayai kwa maji mara tatu, wakayapika na sombe, majani ya muhogo, juu ya mafiga ya lava, na bado wakasema chumvi imezidi. Bauma alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefungwa kwa kitambaa. Mama mmoja aliniuliza kwa nini nilikuwa nahangaika kuficha kitu kisicho na ladha. Na mimi nilipewa yangu, kwenye kifuniko cha sufuria. Kusema kweli walikuwa wameyaosha kupita kiasi. Sikuwaambia.

Mzee Kalume alifika mchana, kwa ajili ya chambo, akanikuta nimekaa kati ya watu wanaotafuna. Alichungulia sufuria.

"Mama Sikitu, hii si yangu?"

"Ilikuwa yako, muzee."

"Na batu yangu batavua na nini?"

Msimu ule walivua kwa minyoo ya ardhini, na mvuvi akishazoea kufanya bila wewe, hurudi kukusalimia tu. Sikutia mayai mengine kwenye chumvi. Ndiyo maana nyinyi mlipoanza na makopo yenu ya rangi mliukuta uwanja mtupu. Msidhani mliushinda ushindani. Basi mkitaka shimo, tafuteni kwa taa kama tulivyotafuta sisi, na kijiti kisimame kabla ya chungu cha kwanza. Asiyetaka watu wakijue anachoficha, asikifiche mahali panapoua.

Siku ileile, saa tisa alasiri, Mama Furaha aliniita. Alikuwa ameviosha vyungu vyangu vyote, kwa mchanga na kwa maji yale waliyokuwa wameyapangia foleni tangu asubuhi, na kuvipanga juu ya jiwe, midomo chini. Niliwaza angalau hapa nina kitu cha kuwapa.

"Vibakie kwenu," nikamwambia. "Mutaweka akiba."

"Akiba ya nini?" akasema. "Wende navyo. Hapa hatuna kitu ya kutia ndani."

Nilivibeba kwa safari tatu, mchana kweupe, na kila safari njia ilipita mbele ya kibanda chake.